Kalamu ya kuchovya ikigoma kuandika, tazama ufa kwanza

Kalamu yangu ya kwanza ya kuchovya niliichonga kwa kipande cha mwanzi na kisu cha jikoni. Ukiitazama ilipendeza kweli. Nilipoichovya kwenye wino, ikamwaga tone zima karatasini, ikavuta mstari wa urefu wa kidole, kisha ikakauka. Nikaona labda ncha ni nene. Nikaichonga. Nikaichonga tena. Jioni ile nilimaliza mwanzi mzima bila kuandika neno hata moja, na kumbe ncha haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye ufa.

Wino haushuki kwa uzito wake peke yake. Ule ufa mwembamba unaoigawa ncha mara mbili ndio unaouvuta, na kadiri ufa unavyobana ndivyo mvuto unavyozidi. Kwa hiyo ufa unapaswa kubana zaidi pale pale nchani, panapogusa karatasi. Ukiachama nchani na kubana huku juu, wino unabaki juu na karatasi haipati kitu. Tangu nielewe hilo, kila kalamu mpya huinua kwanza mbele ya taa: nikiona mwanga unapita mwisho wa ncha, najua haitaandika hata niichovye mara mia.

Chagua mwanzi uliokauka vizuri, unene kama kidole cha mwisho. Mbichi utakusumbua, kwa sababu ukikauka hujikunja na ufa huachama. Kata mshazari wa kama sentimita tatu, kisha kwangua ile nyama laini ya ndani mpaka ubaki na ganda gumu la nje. Usiionee huruma nyama hiyo: ikibaki inafyonza wino na kuwa kama uji. Chonga mabega, yaani punguza upana kuelekea nchani, pande zote mbili, yalingane.

Sasa ufa wenyewe. Toboa kwanza kitundu kidogo katikati, kama sentimita moja na nusu kutoka nchani, ili ufa usipande kupita hapo. Kisha simamisha wembe mwishoni mwa ncha, ukandamize kidogo, uuzungushe kidogo sana. Utasikia "ta!" nyepesi. Mwanzi umepasuka wenyewe kwa kufuata nyuzi zake, na ufa wa namna hiyo hujifunga vizuri ukiuachia. Ule unaokatwa kwa msumeno huondoa unga wa mwanzi na kuacha pengo.

Mwisho laza ncha juu ya kitu kigumu, ukate kipande chembamba cha mwishoni kwa pigo moja, wembe ukiwa wima. Pigo moja tu! Ukikata kwa kusugua, nyuzi zinachanika na kila herufi itakuwa na ndevu. Vidole vya mkono wa pili vikae nyuma ya wembe, daima.

Ukitaka kuandika mistari miwili mitatu kwa mchovyo mmoja, kata utepe mwembamba wa kopo la soda, uupinde kama herufi S, uuchomeke ndani ya kalamu, uishie milimita mbili au tatu kabla ya ncha. Hushika wino na kuutoa polepole.

Nibu za chuma, yaani zile ncha za kuchomeka kwenye mpini, zina tabia zao, ingawa mpini wenyewe napenda niuchonge mwenyewe. Nibu mpya hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kuzuia kutu, na wino hujikusanya juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Ifute kwa kitambaa chenye spiriti, au hata mate, kabla ya kuilaumu. Ikikwaruza, chukua lenzi uitazame kwa mbele. Mara nyingi utakuta meno yake mawili hayako sawa, moja limepanda juu ya mwenzake. Lisukume taratibu kwa ukucha mpaka yalingane. Msasa ni wa baadaye: namba 2000, uloweshe kidogo, uandike 8 chache juu yake bila kukandamiza, kisha ujaribu. Watu wengi huanza na msasa, na naumia nikiona nibu nzuri imesagwa kwa kosa ambalo ukucha ungelirekebisha.

Na wino? Ule wa kalamu za kujaza, zinazobeba wino ndani yake, mara nyingi ni mwepesi mno kwa kazi hii, hukimbia. Tone la gundi ya mgunga iliyoyeyushwa kwa maji huutuliza. Wino wa chuma na tanini (ile dawa kali ya magome ya miti) una asidi na hula nibu, kwa hiyo ifute na kuikausha kila unapomaliza.

Kalamu ya mwanzi ikianza kuchoka, kingo za herufi hupoteza ukali. Hapo kata milimita moja kwa lile pigo moja, na ncha mpya inaandika siku hiyo hiyo. Niliyonayo mezani sasa nimeikata hivyo mpaka imekaribia kitundu, na wiki hii nitaipasua upya.