Nipeni ufunguo wa IST

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ukiwekewa mezani funguo mbili, wa sedani ya kifahari ya miaka ya karibuni na wa kigari kidogo cha zamani, utachukua upi? Mimi nimeshaendesha yote mawili.

Langu ni Toyota IST ya 2004, cc 1497. Sedani ni ya shemeji yangu: Mjerumani wa 2016, turbo, lita 2. Jina la kampuni naliacha, bado tunakula sahani moja.

Nilitendee haki kwanza. Dar hadi Morogoro ndani ya gari lile, malori yanapishana nawe kama yako mtaa wa pili. Ukitaka kuovateki unakanyaga kidogo tu, umeshamaliza. Kwenye IST lori likipita kigari kinayumba, nami nanyamaza hadi lipotee. Hata mafuta, kwa safari ndefu, halikunywa kama nilivyohofia.

Sasa njooni Chalinze. Tulipiga shimo, tairi la mbele likachanika ubavuni. Shemeji akafungua buti, akainua kapeti: spea tairi hakuna. Kuna kichupa cha gundi na pampu ndogo. Sedani nyingi za aina hiyo siku hizi zinatoka kiwandani hivyo. Gundi inaziba tundu la msumari, ubavu haiwezi. Tukazunguka maduka ya tairi pale, saizi ile hawana. Tukakaa kivulini kwa muuza machungwa kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi, tairi lije na basi kutoka Dar. Machungwa yenyewe tuliuziwa kwa bei ya wenye gari lile.

IST yangu nayo iliwahi kumisi, injini inakatakata, Tabata, mvua inanyesha. Fundi wa chini ya mwembe hakuwa na mashine yoyote. Injini ile ina koili nne, zile za kupeleka umeme kwenye plagi, kila silinda na yake. Akazihamisha moja moja, huku akisikiliza, hadi akampata mgonjwa. Kijana akatumwa na bodaboda kufuata koili Gerezani, kwenye maduka ya spea. Ni injini ya 1NZ, ndugu yake yumo kwenye Toyota nyingine, Probox, Raum na Allion, kwa hiyo spea hazikosekani. Tena inatumia cheni ya taimingi, si mkanda wa kukumbuka kubadilisha kila kilomita laki moja.

Halafu kuna jambo ambalo wauza magari hawalitaji: kamati za harusi. Shemeji alipoegesha sedani nje ya kikao cha kwanza, kadi yake ya mchango ilikuja na kiwango kimeshajazwa kwa kalamu. Mimi niliposhuka kwenye IST, mwenyekiti alizunguka nyuma, akafungua mlango, akalaza viti na kupima kwa mikono.

"Dada," akasema, "masufuria ya mpishi yataenea humu. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, usichelewe."