Kabla hujamnyooshea kidole mlengwa wa TASAF

Malipo ya TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, yakikaribia, kijiweni kwetu Singida maneno huwa mawili: wanaopokea ni wavivu, na waliochaguliwa ni ndugu wa viongozi. La kwanza nalikataa. La pili silikatai haraka hivyo.

Tuanze na huo uvivu. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa mwaka 2012, ruzuku ya msingi ilianzia shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya nzima. Hata ukiongeza ya watoto wa kliniki na wa shule, kaya haikuvuka 38,000. Ajira za muda, yaani kuchimba lambo au kulima barabara kwa jembe, zililipa 2,300 kwa siku. Nani ataacha shamba lake kwa hela hiyo? Mama yangu mdogo, mjane, alipokuwa anapokea alinunua kuku, akauza mayai, akawa anaweka bati mbilimbili chini ya kitanda mpaka zikatosha kuezeka. Alipoezeka tu, majirani wakaanza: "Mwenye bati naye ni kaya maskini?" Mpango ulimtaka ainuke, alipoinuka akaonekana mwizi. Kwa hiyo ukiona bati, uliza kwanza liliwekwa lini.

Hilo la upendeleo ni gumu zaidi. Majina huanzia kwenye mkutano wa kijiji, watu wanataja kaya zinazokula mlo mmoja, zenye nyumba mbovu, zenye watoto wasiosoma. Kisha wahojaji wanapita nyumbani na dodoso, majibu yanaingizwa kwenye kompyuta mbali huko, na orodha inarudi ikiwa imekatwa. Bibi asiye na mtu amekatwa, mwenye ng'ombe yumo. Ukiuliza kwa nini, jibu ni "mfumo." Mwaka 2016 uhakiki wa serikali yenyewe ulikuta maelfu ya kaya zisizostahili, kwa hiyo wanaonung'unika hawaoti ndoto. Mimi ningependa orodha ibandikwe ofisi ya kijiji pamoja na sababu ya kila aliyekatwa, hata kama itatuumbua baadhi yetu.

Linganisha na Zanzibar. Tangu Aprili 2016 wanatoa Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyefika miaka 70: mwanzoni 20,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikapanda kuwa 50,000. Hakuna kutajana mkutanini nani fukara kuliko nani. Mwalimu mstaafu anapata, mvuvi anapata. Wapo wanaosema ni kumpa asiye na shida, na kweli wengine hawana. Lakini umri hauna shemeji kwenye kamati, na kwangu hilo lina thamani kuliko hizo hela zinazomfikia mwenye nacho.

Huku bara, wakati tunasubiri hayo, fanya haya. Mkutano wa kuibua kaya ukiitishwa, nenda, hata kama huna shida na hela hiyo. Wanaokosekana sana ni wenye nafuu, halafu ndio wenye sauti kijiweni. Mtaje mzee asiye na mtu wa kumtaja. Orodha inaporudi kusomwa mbele ya wanakijiji, hapo ndipo mahali pa kupinga jina. Nyoosha mkono ukiwa na sababu, siyo hasira. Ukikatwa, andika malalamiko, mpelekee mtendaji wa kijiji, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. La mdomo hupotea.

Na ninyi mlioko mjini: kama mama analipwa kwa simu, laini isajiliwe kwa kitambulisho chake cha taifa (NIDA), siyo cha mjukuu. Nimeona mjukuu akihamia Dodoma na laini mfukoni, na bibi akakosa malipo mawili akiambiwa mtandao unasumbua.