Makala 7 zimekataliwa mfululizo? Zisome tena hizo imeili kabla hujaacha

Mkuu pole sana. Umesema makala 7 zimerudishwa ndani ya miezi 3 na sasa unataka kuachana na uandishi wa kujitegemea, ila nikuulize kwanza, hizo imeili za wahariri ulizisoma mpaka mwisho au uliona tu "asante kwa kututumia, lakini" ukafunga? Maana mimi nilikuwa nafunga, tena nafuta kabisa, ujinga mtupu.

Sasa siku moja natafuta kitu kingine kwenye imeili nilizofuta nikakutana na jibu moja la mistari miwili, mhariri kaandika "Haitufai kwa sasa. Ila makala yako inaanzia aya ya 4." Nikaifungua ile makala, aisee kweli, aya 3 za mwanzo nilikuwa nazunguka mbuyu tu, mara umuhimu wa mada, mara historia yake, wakati yule mama niliyemhoji anaanza kuongea aya ya 4. Nikafyeka zote 3, nikaipeleka kwingine bila kugusa kitu kingine, wakaichukua (malipo yalichelewa balaa, ila hiyo ni mada ya siku nyingine).

Majibu hayafanani mkuu. Lile la kunakili ambalo wamebadilisha jina lako tu usilitafutie maana, pengine mada kama yako wameshaitoa au nafasi imejaa. Ila mhariri akitaja kitu cha ndani ya makala, hata kama anakuponda, huyo amekusoma na wala hakulazimika kukuandikia. Na akisema "tutumie nyingine" usidhani ni adabu tu, mtu mwenye rundo lile la imeili hajiongezei kazi kwa huruma. Mimi niliambiwa hivyo nikanuna miezi 5, narudi nakuta mhariri mwenyewe alishahama.

Siku hizi nina daftari, nimepeleka nini, wapi, lini, wamejibuje, na ikirudi naipeleka kwingine ndani ya siku 2 kabla sijaanza kujihurumia. Cheki tu masharti yao, wengine hawataki makala iliyopelekwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Na bado narudishiwa, juzi tu nimekula moja.

Hebu zifukue hizo 7 uhesabu ngapi zina hata sentensi moja inayohusu makala yako tu, halafu njoo utuwekee hapa.