Mmisionari akirudi nyumbani ameangalia nyuma?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi na mume wangu tunatumika Msumbiji, jimbo la Nampula, kati ya Wamakua, huu ni mwaka wa 11. Kanisa letu la Njombe ndo lililotutuma. Kanisa tulilolianzisha huku limeshapata mchungaji mwenyeji na anafanya vizuri. Mama yangu amepata kiharusi, yupo nyumbani na mdogo wangu tu. Binti yetu wa kwanza anamaliza shule ya msingi, na sapoti nayo imepungua sana. Mume wangu anaona muda wetu hapa umeisha, na mimi nilikuwa nimeanza kukubali. Sasa mwezi uliopita nimesikia mahubiri, mtumishi anasema mmisionari anayerudi nyumbani ni mke wa Lutu, ameshika jembe akaangalia nyuma, hafai. Tangu siku hiyo silali. Je tukirudi tutakuwa tumemwacha Mungu?

JIBU: Amina dada yangu. Swali lako nimelisoma mara tatu na nimeumia, maana miaka 11 umelala ugenini ukapata usingizi, mmekaa hapo wakati watu wanamiminika Nampula kukimbia vita ya Cabo Delgado iliyoanza 2017, mmekaa na kimbunga Gombe cha Machi 2022, alafu leo mtu mmoja na kipaza sauti amekunyang'anya usingizi kwa andiko ambalo hata hakulisoma mpaka mwisho.

Hapana, hamtakuwa mmemwacha Mungu. Hilo ndo jibu, na kama huna muda wa kusoma mengine shika hilo ukalale. Lakini haya mahubiri yamezagaa siku hizi, nimeyasikia kwenye makongamano zaidi ya mara moja, kwa hiyo niruhusu niyajibu.

Wanaanza na Luka 9:62, "Mtu aliyetia mkono wake kulima, kisha akaangalia nyuma, hafai kwa ufalme wa Mungu." Haya. Huyo mtu aliyeambiwa maneno hayo alikuwa bado hajaanza kumfuata Yesu hata hatua moja, alikuwa anaweka masharti kwanza, na Yesu alikuwa njiani kwenda Yerusalemu kufa. Andiko linasema habari ya kumfuata Yesu, halisemi habari ya kijiji wala nchi wala mkataba wa misheni. Alafu ninyi watu wa Njombe mnajua plau la ng'ombe. Anayelima huku anatazama nyuma mfereji unapinda, hapo sawa kabisa, ila ukifika mwisho wa shamba si unageuza ng'ombe? Na umewahi kusikia mtu anasimama pembeni anampigia kelele mkulima kwamba ameacha kulima kwa sababu amegeuza ng'ombe?

Na mke wa Lutu yule, aliyegeuka nguzo ya chumvi, aligeukia Sodoma, mji ambao Mungu alikuwa anauteketeza kwa dhambi zake. Sasa ndugu mhubiri atuambie, Sodoma hapa ni ipi, ni Njombe? Ni kitanda cha mama aliyepooza upande mmoja, anayehitaji mtu wa kumgeuza usiku ili asipate vidonda? Kuliita hilo Sodoma ni kosa kubwa na mimi sitalifunika kwa maneno laini. Bwana mwenyewe katika Marko 7 aliwakemea watu waliosema mali yangu ni Korbani, nimeshamtolea Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama zao, akasema mnalitangua neno la Mungu. Walitumia utumishi kama mlango wa kumfungia mama nje, na hicho ndicho unachoambiwa ukifanye wewe ila kwa sauti ya upako. Paulo naye kamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani, 1 Timotheo 5:8, hilo mbona hawalihubiri kwenye makongamano ya misheni?

Tena Paulo mwenyewe. Korintho alikaa mwaka mmoja na miezi sita, Efeso miaka mitatu, Krete akamwacha Tito ayatengeneze yaliyosalia yeye akaenda zake. Warumi 15:23 anasema wazi kwamba pande zile hana nafasi tena, na wapagani kule walikuwa bado wamejaa, ila kazi yake yeye, ya kuweka msingi, ilikuwa imeisha. Na mwisho wa safari ya kwanza, Matendo 14, walirudi Antiokia pale walipotumwa, wakakusanya kanisa, wakaeleza yote Mungu aliyofanya, wakakaa na wanafunzi wakati usiokuwa mchache. Biblia inasema waliitimiza ile kazi. Kwa mahubiri hayo uliyoyasikia, Antiokia ile ilitakiwa iwe imejaa nguzo za chumvi.

Lakini mtu ambaye nataka ukae naye zaidi wiki hii ni Epafrodito, Wafilipi sura ya 2. Huyu wengi tunampita. Alitumwa na kanisa lake kwenda kumhudumia Paulo kifungoni, akaugua karibu ya kufa, na Paulo anaandika bila kumwonea haya kwamba alikuwa na shauku kwao wote na akahuzunika sana, yaani mtumishi yupo kazini na roho inamlilia nyumbani, na hakuna mahali Paulo anamwambia hiyo ni dhambi. Anamrudisha. Na ninavyomwelewa, Paulo alijua maneno ya watu, alijua atakapofika Filipi watasema mbona kaja mapema, ndo maana mstari wa 29 akaandika mpokeeni katika Bwana kwa furaha yote, watu kama huyu waheshimiwe. Barua ile aliibeba Epafrodito mwenyewe mkononi. Hebu fikiria, unarudi kwenu umebeba barua inayosema huyu aheshimiwe.

Wahubiri hawa wa mke wa Lutu wanapenda pia kumtaja Apolo Kivebulaya, Mganda aliyekwenda Mboga, Kongo, mwaka 1896 na akafia huko 1933, akaomba azikwe kichwa kikiwa kimeelekea magharibi kwenye msitu, ambako injili ilikuwa haijafika. Mimi pia nampenda sana. Ila wasichokisema ni kwamba katikati ya miaka hiyo alifanya kazi miaka mingi Toro, upande wa Uganda, alafu ndo akarudi tena Mboga. Ungekutana naye siku anavuka kwenda Toro ungemwita mke wa Lutu? Na hapa kwetu pwani, mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa 1844, miezi michache tu akazika mke na mtoto mchanga, 1846 akaja mwenzake Rebmann wakaanza kazi Rabai pamoja. Krapf afya ikamshinda, 1853 akarudi Ujerumani. Rebmann akabaki mpaka 1875, alipoondoka macho yalikuwa karibu yamekwisha. Yupi kati yao alikuwa mwaminifu? Krapf huyohuyo aliyerudi ndiye aliyekuja tena 1862 kuwasaidia Wamethodisti waanze kazi Ribe, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapwa 1882, yeye ameshafariki mwaka mmoja kabla. Mmoja alikaa, mwingine aliondoka, na Bwana aliwatumia wote wawili.

Sasa, kitu kimoja na mume wako akisome pia. Msitumie kupungua kwa sapoti kama sauti ya Mungu. Mara nyingi sapoti inapungua kwa sababu kanisa mama limeanza kujenga jengo jipya, na hiyo ni dhambi ya kanisa, sio mlango uliofungwa na Mbinguni. Na kutoroka kupo kweli, Yona alitoroka. Mtoro anaondoka kimyakimya, hataki kukabidhi, hataki kuagana wala kutoa hesabu. Wewe unaniandikia huku unalia kwa ajili ya wale unaowaacha, huo sio utoro. Mambo yenu matatu yaliyobaki, mchungaji mwenyeji, mama, na mtoto, yanatosha.

Basi kama mnaondoka ondokeni vizuri. Paulo pale Mileto aliwaita wazee wa Efeso akawaambia hawatamwona uso tena, wakaangua kilio wakamwangukia shingoni. Msiogope hicho kilio. Waambieni sababu yote ikiwemo ya mama, na hapo hutahitaji maelezo marefu, maana Wamakua ni watu wa ukoo wa mama, watu hao hawatashindwa kumwelewa binti anayemwendea mama yake mgonjwa. Huenda watakuelewa haraka kuliko washirika wa Njombe. Kabidhini vitu kwa maandishi, kiwanja, pikipiki, baiskeli, kila kitu, mbele ya wazee. Na mkishavuka muacheni yule mchungaji achunge, msiliongoze kanisa lake kwa WhatsApp kutoka Tanzania, akiwapigia kuuliza mshaurini, asipouliza muombeeni.

Binti yenu msimsahau, huyu mimi ndo ananiumiza kichwa. Ninyi mnarudi nyumbani, yeye anahama nyumbani. Marafiki zake wako Nampula, lugha ya kucheza ni Kimakua, darasani amesoma Kireno, na sekondari ya Tanzania ni Kiingereza. Msimtupe moja kwa moja kidato cha kwanza, mpeni miezi ya masomo ya maandalizi, na akilia anataka kurudi msimwambie ashukuru Mungu amerudi kwao. Muacheni alie.

Nasema haya kwa sababu mimi nilitumika Malawi, pande za Karonga, miaka 7, tukarudi mke wangu alipougua. Jumapili ya kwanza kanisani kwetu tulikaa benchi la nyuma kama wageni, hakuna aliyeuliza habari za kazi, na wiki ya pili nikapewa kamati tatu. Nilikaa karibu mwaka mzima nikijiona mtu asiye na faida, kila nikiamka nawaza kisima cha kule na watu wake. Hayo maumivu yatakuja kwako pia, na yakija usiseme basi yule mhubiri alikuwa sahihi. Ni msiba, na msiba una siku zake. Mwaka wa kwanza usipokee cheo chochote, muuguze mama yako, hiyo ndo huduma uliyopewa, na kama anaweza kusikia msimulie Nampula yote, jina kwa jina, maana nina hakika amewaombea hao watu miaka 11 bila kuwaona.

Na mchungaji kiongozi wa hapo Njombe mpe namba yangu anipigie kabla hamjafunga mizigo. Nitamsomea Wafilipi 2:29.