Wasomaji Wanauliza: Mpopoo Bustanini

Nilipata popoo kavu, zile zinazotafunwa na tambuu, nikaziloweka kisha nikazipanda kwenye kopo. Miezi miwili imepita na hakuna iliyoota. Tatizo ni nini?

Tatizo ni popoo zenyewe. Popoo kavu iliyokwisha kumenywa haioti tena, hata ukiiloweka mwezi mzima. Mbegu ya mpopoo ni tunda zima lenye kumbi lake, lililoachwa mtini mpaka likageuka rangi ya machungwa. Likishachumwa lipandwe ndani ya siku chache, kwa sababu likikauka uhai wake unatoka upesi.

Ukiwa na matunda mengi, yatie kwenye ndoo ya maji kabla ya kuchagua. Yale mazito yanayoelea wima, upande wa kikonyo ukiwa juu, ndiyo hutoa miche yenye nguvu. Yanayolala ubavu yaache. Tandaza mchanga kwenye kitalu chenye kivuli, panga matunda kwa nafasi ya sentimita 5, kikonyo kikitazama juu, halafu uyafunike kwa mchanga kidogo tu, yasionekane. Mwagilia kila siku bila kutuamisha maji.

Baada ya hapo ni kusubiri. Ya kwanza huchomoza baada ya wiki sita hivi, na nyingine huchelewa hadi miezi mitatu. Wengi hukata tamaa wiki ya tano, wakafukua kutazama, wakavunja chipukizi. Mche ukiwa na majani mawili, uhamishie kwenye mfuko wenye udongo, mboji na mchanga, ukae humo kivulini hadi ufikishe mwaka mmoja au mwaka na nusu na uwe na majani yasiyopungua matano.

Shimo liwe na ukubwa gani, na mbolea niweke kiasi gani?

Kwenye udongo tifutifu usiotuamisha maji, chimba sentimita 90 kila upande na kwenda chini. Kwenye mfinyanzi usizidishe 60, la sivyo umejichimbia kisima na mizizi itaoza humo. Kati ya mti na mti acha mita 2.7.

Mti mzima kwa mwaka hupewa kilo 12 za mboji na kilo 12 za majani mabichi, pamoja na gramu 100 za naitrojeni, 40 za fosfati na 140 za potashi. Kwa mbolea za dukani, hiyo naitrojeni ni kama gramu 220 za urea, na hiyo potashi ni kama gramu 235 za kloridi ya potasiamu. Gawa mara mbili, na kila mara udongo uwe na unyevu. Mwaka wa kwanza toa theluthi moja ya kipimo, wa pili theluthi mbili, kuanzia wa tatu kipimo kizima. Usiirundike kwenye shina. Itawanye kwenye duara la kama mita moja kuzunguka mti, uichanganye na udongo wa juu kwa mkono au reki, si kwa jembe, maana mizizi mingi iko karibu na uso wa ardhi.

Kiangazi ndicho kinachowashinda wengi. Mpopoo hauvumilii kukauka: mti mkubwa huhitaji kama lita 175 kila baada ya siku 4 hadi 7, na matandazo mazito juu yake.

Shina la mpopoo wangu limefanya mabaka ya njano ya dhahabu upande mmoja, sasa linapasuka. Ni ugonjwa?

Ni jua. Angalia mabaka hayo: bila shaka yako upande unaopigwa na jua la alasiri. Ngozi huungua, ikageuka kahawia, ikapasuka, kisha kuvu na wadudu huingia kwenye ufa. Shina la jamii ya minazi halizibi jeraha kwa kuota gome jipya kama mwembe, kwa hiyo ufa huo ni wa kudumu, na upepo mkali unaweza kulivunja hapo hapo. Funga makuti makavu kwenye sehemu iliyo wazi mpaka kivuli kipatikane. Kwa miche mipya, panda migomba upande wa magharibi kabla ya kuipanda yenyewe.

Mti una miaka minne na haujazaa. Niung'oe?

Usiung'oe. Mingi huanza kati ya miaka 5 na 7. Kole la maua hutokea chini ya makuti, pale kuti kuukuu lilipodondoka. Maua madogo yatakayomwagika chini ni ya kiume, wala usishtuke. Ya kike ni makubwa zaidi na yako kwenye vitako vya vitawi. Tangu hapo hadi tunda kuiva ni kama miezi minane.

Mvua zikishika, vidaka (matunda machanga) vinaoza na kuanguka. Nipulizie nini?

Kwanza hakikisha ni kuoza kweli. Tunda lenye ugonjwa huu huanza na doa lililolowa, la kijani iliyokolea, karibu na kikonyo. Likishaanguka huota utando mweupe. Anayeleta balaa hili ni Phytophthora, kimelea kinachofanana na kuvu, na hustawi pale mvua na baridi vinapofuatana bila jua.

Dawa yake ni mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa. Yeyusha gramu 100 za mrututu katika lita 5 za maji, na gramu 100 za chokaa katika lita 5 nyingine. Tumia ndoo za plastiki, kwani mrututu hula chuma. Mimina maji ya mrututu ndani ya chokaa polepole huku ukikoroga. Kisha chovya kisu kisafi: kikitoka na rangi nyekundu ya shaba, mrututu umezidi na utaunguza matunda, ongeza chokaa kidogo kidogo mpaka kisu kitoke safi. Vaa glavu na miwani, na uitumie siku hiyo hiyo.

Puliza kwenye makole kabla mvua hazijaanza, urudie baada ya siku 40 hadi 45 mvua zikiendelea. Ukisubiri hadi vidaka vianze kudondoka umechelewa nusu. Vilivyoanguka viokote na kuvichoma, na angalia jani jipya la katikati: likiwa la njano na likachomoka ukilivuta, uozo umefika kwenye moyo wa mti. Mpopoo una moyo mmoja tu, basi mti huo ukate mapema usiambukize mingine.

Nina watoto na mbwa. Mti huu ni salama?

Mti hauna shida, tunda ndilo lenye arekolini, kemikali yenye sumu. Popoo imo katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, hata ikitafunwa bila tumbaku. Mbwa naye akila nyingi hutapika na kuharisha. Okota zilizoanguka kila asubuhi. Ukitaka mti wa pambo tu, kata makole yakiwa bado yamefungwa kwenye karara, yaani ganda linalofunika maua.