Jiwe la Kwanza Lisome Ukutani

Nina miaka 34, shule niliishia kidato cha pili. Nataka kujifunza jiolojia, elimu ya miamba, mwenyewe. Nianzie wapi? (Likoni)

Vuka feri, nenda Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa. Mizinga iache kwanza. Wareno walipoanza kuijenga mwaka 1593, handaki lake walilichonga kwenye mwamba wenyewe, kwa hiyo ukuta huo ni kitabu kilichofunguliwa. Sogeza uso karibu. Utaona mistari iliyojipindapinda kama ubongo wa mbuzi: hilo ni tumbawe, lilikuwa hai. Kando yake kuna kipande cha kombe la baharini, kimeganda humo humo.

Matumbawe hayaoti nchi kavu. Haya yaliota baharini takriban miaka 125,000 iliyopita, maji yalipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Kisha bahari ikashuka, mwamba ukabaki nje. Sasa jiulize: maji yalikwenda wapi? Lifuate swali hilo litakufikisha kwenye barafu ya ncha za dunia, na wewe ulichopanda ni feri tu. Majina ya miamba ya moto, ya mashapo na miamba geu utayashika baadaye, yakiwa na kitu cha kushikia.

Nitalitambuaje jiwe bila maabara? (Kisauni)

Ukucha, msumari, kipande cha chupa na siki. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu, kutoka 1 hadi 10, na kanuni yake ni kuwa gumu hulikwaruza laini. Kalisaiti, ambayo ndiyo chokaa ya mwamba wetu, ni 3: ukucha hauiwezi, msumari unaichimba. Kwatzi, madini ya chembe nyingi za mchanga, ni 7, inakwaruza chupa. Chukua kipande cha mazerasi, yale mawe bapa ya kutandika uani, ukisugue kwenye kioo uone. Hayo ni mchanga ulioshikana.

Kwa siki, kwanza parua jiwe upate unga. Dondosha tone, kisha inamisha sikio. La matumbawe litachemka kidogo, vipovu vidogo vidogo.

Na andika! Mimi nilijaza gunia zima bila kuandika jiwe gani nimelitoa wapi. Mama akayatumia kukandamizia turubai la banda la kuku, na sikuwa na hoja ya kumzuia.

Mbona kwetu Miritini hakuna matumbawe, ni udongo wa kijivu unaobanduka tabaka tabaka? (Miritini)

Kwa sababu ukivuka Makupa kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda bara umerudi nyuma miaka mingi mno. Hayo ni matope ya bahari ya enzi ya Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita, yaliyokandamizwa yakawa jiwe. Katika miamba ya umri huo nyuma ya Mombasa kumepatikana visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhiwa mwambani, vya amonaiti, viumbe wa baharini wenye kombe lililojiviringa kama pembe ya kondoo. Ukiendelea na barabara ya Nairobi hadi Mazeras, unakuta mwamba mkongwe zaidi. Nauli ya matatu inakuvusha mamilioni ya miaka. Sijui darasa lenye karo nafuu kuliko hilo.

Nikipata madini naweza kuuza? (Ukunda)

Si hivi hivi. Sheria ya Madini ya 2016 inayaweka mikononi mwa serikali, unahitaji kibali. Visukuku navyo vinalindwa: piga picha, viache, wapashe habari watu wa makumbusho.

Wakati gani mzuri kutazama majabali ya ufuo wa Mama Ngina, Mombasa? (Tudor)

Bamvua, siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakiwa yamepwa. Vaa viatu, na geuka utazame bahari kila baada ya dakika chache.