Mwanza hadi Mtwara kwa ndege: kilomita zisikudanganye

Ukiuliza mtandaoni Mwanza hadi Mtwara ni mbali kiasi gani kwa ndege, utajibiwa chapuchapu: kama kilomita 1,190, saa mbili hazifiki. Nami safari ya kwanza ya kwenda ukweni niliiamini hesabu hiyo. Nikafunga boksi la samaki, sato, na barafu, nikampigia mama mkwe simu asonge ugali, mchana tutakula pamoja.

Kilomita hazina kosa, ila zimepimwa kwa mstari ulionyooka, unaopita karibu na Singida, Mpwapwa, kisha juu ya Hifadhi ya Nyerere. Mimi huko sijawahi kupitishwa. Kila mara nimebadilishia ndege Dar. Mwanza hadi Dar ni kama kilomita 850, na Dar hadi Mtwara kama 400. Jumlisha: 1,250. Yaani kuzunguka Dar kote huko kunaongeza kilomita 60 tu! Hewani utakaa saa mbili na nusu hivi, ukipanda bombadia, yaani ndege ya pangaboi, badala ya jeti ongeza dakika chache. Hapo wala usiumize kichwa.

Siku inaliwa Dar. Mimi nilikata tiketi mbili, kampuni mbili tofauti, ili niokoe elfu thelathini. Katikati niliacha saa moja na robo. Asubuhi ile mvua ikanyesha Mwanza, tukachelewa kuruka dakika hamsini. Nilipofika Dar nikasimama kwenye mkanda wa mizigo nikimsubiri sato wangu, maana tagi ya boksi iliandikwa DAR tu. Likatokea limelowa kona moja. Nikalibeba mbiombio kwenda upande wa kuondokea, kaunta imeshafungwa. Kampuni ya kwanza ikasema imenifikisha nilikolipia; ya pili ikasema mimi ndiye niliyechelewa. Na kwa kweli, kwa mujibu wa tiketi zao, wote walikuwa sahihi.

Nililala kwa binamu yangu Mbagala, sato wakalala kwenye friza ya jirani. Kesho yake nikapanda basi palepale Mbagala, kilomita 560 na ushee, tukavuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa, Mtwara nikaingia jioni. Tiketi mpya ya ndege siku ileile ilikuwa na bei ya kumtoa mtu machozi.

Kwa hiyo ndugu yangu, kata tiketi moja ya safari nzima hata kama imezidi kidogo. Ndege ya kwanza ikichelewa, wao ndio watakaohangaika kukutafutia nyingine. Pale kaunta ya Mwanza, kabla mzigo haujaondoka, soma tagi kwa macho yako: lazima uone MYW, ndiyo Mtwara. MWZ ni Mwanza yenyewe, na kwa haraka herufi hizo zinachanganya. Kama huna budi kukata mbili, acha saa nne katikati, na msimu wa masika nenda Dar siku moja kabla.

Samaki siku hizi nawapelekea wakavu. Mama mkwe alilalamika mara moja tu, kisha akanijazia begi korosho za kurudi nazo.